Rasi Moja, Majina Mawili: Maoni Juu ya Kufundisha Ramani Katika Shule za Msingi

Katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita tuliketi nyuma ya Darasa la Tano katika shule moja ya pwani, tukimtazama mwanachuo wetu akifundisha Jiografia. Somo lilihusu sura za pwani: ghuba, rasi, kisiwa na mlango wa bahari. Andalio la somo lilikuwa safi, zana zilikuwa tayari, na ramani ilichorwa ubaoni kwa chaki za rangi. Mwalimu akawataka watoto wataje rasi wanayoifahamu. Mtoto mmoja akasimama, akaitaja ile inayoonekana kutoka dirisha la darasa lenyewe. Aliitaja kwa jina alitumialo bibi yake, jina lililotokana na mbuyu ambao wavuvi huutazama warudipo na vyombo vyao jioni. Mwalimu akaiangalia ramani yake, hakuliona jina hilo, akasema, "Hapana. Kaa chini. Nani mwingine?" Baadaye tulipopitia madaftari tuliona kwamba jibu hilo hilo, lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, limewekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Hatulisemi jambo hili ili kumfedhehesha mwanachuo yule. Alifanya kama alivyofundishwa, na waliomfundisha ni sisi. Tumewazoesha wanachuo wetu kuamini kwamba ramani ni kitu kilichoshuka tayari, na kwamba jina lililochapwa ni la kweli kuliko jina linalosemwa. Kwa maoni yetu, hilo ni kosa la njia ya kufundisha, wala si kosa la mtu mmoja. Ramani ni kazi ya watu. Kuna aliyepima, kuna aliyetoa jina, na mara nyingi kuna aliyekuwako tangu zamani asiulizwe. Mtoto asiyefundishwa kuyatambua mambo hayo matatu hajafundishwa kusoma ramani, hata akikariri rasi zote za dunia.

Ili kuyaeleza maoni hayo, tunaomba wasomaji wetu wasafiri nasi mbali kidogo, mpaka kwenye rasi ambayo wengi wetu hatutaiona. Tumeichagua ya mbali kwa makusudi. Mambo ya nyumbani hatuyaoni vizuri kwa kuwa tumeyazoea. Tukiisha kuyatazama ya wenzetu, macho hufunguka.

RASI YENYEWE

Katika Kisiwa cha Kaskazini cha nchi ya Nyuzilandi, upande wa mashariki, karibu na mji wa Gisborne, iko ghuba pana. Kusini mwa ghuba hiyo imejitokeza rasi yenye magenge meupe yanayoonekana toka mbali baharini. Wamaori ndio wenyeji wa nchi hiyo. Wazee wao walifika kwa vyombo vyao wakitoka visiwa vya Polinesia, karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kuiona. Wamaori huiita rasi hiyo Te Kurī a Pāoa, maana yake Mbwa wa Pāoa. Kwa masimulizi yao, Pāoa alikuwa nahodha wa chombo kilichoitwa Horouta. Mbwa wake alibaki pale akimngojea bwana wake arudi, na mpaka leo angali akiitazama bahari. Mto mkubwa wa sehemu hiyo waitwa Waipaoa, nao pia wamkumbuka nahodha huyo. Ghuba yenyewe ni Tūranganui-a-Kiwa, yaani mahali pakuu aliposimama Kiwa, mzee mwingine ambaye masimulizi humtaja pamoja na chombo hicho hicho.

Tutazame kazi inayofanywa na majina hayo. Mtoto wa pale akitaja rasi, mto na ghuba, amekwisha kueleza wazee wake walifikaje, na chombo gani, na nani aliyekiongoza. Majina ni kitabu chake cha historia, naye hukisoma kila aendapo kuvua au kuchota maji. Watu wasiokuwa na maandishi hawakukosa kumbukumbu. Waliziweka juu ya nchi yenyewe.

KIJANA WA MLINGOTINI

Mwezi Agosti 1768 meli ya Kiingereza iitwayo Endeavour, chini ya James Cook, iling'oa nanga katika bandari ya Plymouth. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufika Tahiti na kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, jambo lililotukia tarehe 3 Juni 1769. Kazi ya pili, iliyofichwa katika barua ya siri, ilikuwa kulitafuta bara kubwa ambalo wataalamu wa Ulaya walidhani liko kusini mwa dunia. Huko Tahiti alipanda melini Tupaia, kuhani na bingwa wa ubaharia aliyezaliwa katika kisiwa cha Raiatea. Tupaia alivijua visiwa vingi vya bahari ile kwa majina na kwa mwelekeo wake.

Tarehe 6 Oktoba 1769, yapata saa nane mchana, kijana mmoja aliyekuwa juu ya mlingoti alipaza sauti kwamba anaona nchi. Jina lake Nicholas Young, mtumishi wa tabibu wa meli, mwenye umri wa miaka kama 12 hivi. (Vitabu vingine huandika tarehe 7, kwa sababu mabaharia wa siku zile walianza kuihesabu siku mpya saa sita mchana.) Inasimuliwa kwamba nahodha alikuwa ameahidi pombe kali, pamoja na heshima ya jina, kwa atakayetangulia kuona nchi. Siku chache baadaye, meli ilipokuwa ikiiacha ghuba ile tarehe 11 Oktoba, Cook aliiita rasi ya kusini Young Nick's Head, yaani Kichwa cha Kijana Nick. Hapa mwalimu wa Kiswahili anayo nafasi nzuri. Neno letu rasi tumelipata katika Kiarabu, nalo maana yake ni kichwa, kama vile katika Ras Mkumbuu na Ras Kigomasha kule Pemba. Waingereza na sisi tulikutana katika tashbihi moja pasipo kushauriana.

Lakini mwalimu mwangalifu hataishia hapo. Kwanza, mtu aonaye nchi toka mbali baharini huona vilele vya milima ya bara kabla ya magenge ya pwani, kwa sababu uso wa dunia ni mviringo. Kwa hiyo huenda alichokiona Nick siku ile hakikuwa rasi hii kabisa. Pili, hata miongoni mwa Wazungu yeye na wenzake hawakuwa wa kwanza kuiona nchi hiyo, maana Mholanzi Abel Tasman alikuwa ameifikia pwani ya magharibi mwaka 1642. Tatu, nchi ilikuwa na watu. Basi tukimfundisha mtoto kwamba "rasi hii iligunduliwa na Nicholas Young", tumemfundisha sentensi fupi yenye makosa matatu.

JINSI PWANI ILIVYOPIMWA

Isidhaniwe kwamba twataka kumdharau Cook kama mpimaji. Kwa muda wa miezi kama sita, mpaka mwisho wa Machi 1770, aliizunguka pwani ya visiwa vyote viwili vikubwa vya Nyuzilandi, akaichora. Kazi ile ilifanywa kutoka juu ya meli iendayo, katika upepo na mawimbi. Mpimaji alichukua mwelekeo wa rasi kwa dira. Meli ikasogea mwendo uliopimwa kwa kamba yenye mafundo. Kisha akachukua tena mwelekeo wa rasi ile ile. Mistari miwili ilipokutana katika karatasi, hapo ndipo rasi ilipo. Kina cha maji kilipimwa kwa bildi. Ndiyo sababu rasi ni kitu cha thamani kubwa katika upimaji: huonekana toka mbali, haiondoki, na mistari yote huifuata.

Cook aliiandika ghuba ile kuwa katika latitudo ya digrii 38 na dakika 42 Kusini, na longitudo ya digrii 181 na dakika 36 Magharibi. Mwanachuo asishtushwe na hesabu hiyo inayopita 180. Cook alihesabu kuelekea magharibi tu, bila kugeuza. Tukitoa 181 na dakika 36 katika 360, tunapata digrii 178 na dakika 24 Mashariki. Gisborne iko karibu sana na digrii 178 Mashariki. Kwa hiyo alikosea kwa chini ya nusu digrii, kama kilometa 30 na zaidi kidogo kwa latitudo ile, hali katika safari hiyo hakuwa na saa ya kuaminika ya baharini, bali alitegemea kupima umbali wa mwezi na nyota au jua. Katika safari yake ya pili alipewa saa bora zaidi, akakiri kwamba Kisiwa cha Kaskazini alikuwa amekisukuma mashariki mno kwa nusu digrii. Aidha, sehemu moja ya nchi kavu aliichora kama kisiwa, nayo sasa yaitwa Rasi-kisiwa ya Banks. Na Kisiwa cha Stewart alikichora kana kwamba kimeungana na nchi kubwa.

Tunayataja makosa hayo kwa heshima. Mpimaji mzuri ni yule ambaye makosa yake yaweza kupimwa na kusahihishwa. Jambo hilo lafaa watoto walijue: mstari wa ramani una kiasi chake cha usahihi, nao husahihishwa na yule ajaye baadaye na chombo kizuri zaidi. Swali letu ni hili: ikiwa mstari waweza kusahihishwa, kwa nini jina lisisahihishwe?

RASI YA PILI YA KIJANA NICK

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa kila mwanachuo alibebe aendapo shuleni. Kijana Nick hakuona rasi moja tu. Tarehe 10 Julai 1771, Endeavour ilipokuwa ikirudi nyumbani baada ya miaka karibu mitatu, aliyetangulia kuona nchi ya Uingereza alikuwa kijana yule yule. Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyekuwamo melini, aliandika habari hiyo katika kumbukumbu zake za safari. Nchi hiyo ilikuwa rasi ya Lizard, iliyoko kusini magharibi mwa Uingereza.

Macho yalikuwa yale yale, mlingoti ule ule, na furaha ya mabaharia pengine ilikuwa kubwa zaidi, maana sasa walikuwa wanafika kwao. Je, rasi ya Lizard ilibadilishwa jina ikaitwa kwa jina la Nick? La hasha. Hapana mtu aliyefikiri jambo hilo hata kwa mzaha. Rasi ile ilikuwa na jina lake, ilikuwa na watu wake, na mabaharia wote walijua hivyo.

Basi si kweli kwamba mtu hutoa jina kwa kuwa ametangulia kuona. Nick aliona mara mbili, jina likatolewa mara moja tu. Tofauti haikuwa katika macho ya mtoto, bali katika mawazo ya wakubwa waliokuwa sitahani, ambao waliihesabu pwani moja kuwa ina wenyewe na nyingine kuwa haina. Mwalimu akiwaandikia watoto rasi hizi mbili ubaoni, moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, na kuwauliza, "Kwa nini hapa jina lilibadilishwa na pale halikubadilishwa?", atakuwa amefundisha zaidi ya sura nzima ya kitabu. Wala hatakuwa na haja ya kuwahubiria. Watoto wa miaka 11 watalijibu swali hilo wenyewe.

GHUBA ILIYOITWA YA UMASKINI

Upo ubishi ambao mtu aweza kuuleta: huenda Cook hakuwa na njia ya kuuliza. Tuchunguze. Tarehe 8 Oktoba 1769 watu wake walishuka pwani. Wamaori wanne walitoka mwituni na silaha zao, wakaiendea mashua iliyokuwa ikilindwa na vijana. Mabaharia wakapiga bunduki, akafa Te Maro. Kesho yake, kando ya mto, Tupaia alisema nao kwa lugha yake mwenyewe, wakaelewana, kwa kuwa lugha zao ni za ukoo mmoja. Mtu mmoja wa pwani na Cook walikutana juu ya mwamba katikati ya mto, wakasalimiana kwa kugusanisha pua, kama ilivyo desturi ya Wamaori. Lakini muda haukupita, upanga wa mgeni mmoja ulinyakuliwa, bunduki zikalia tena, na Te Rākau akafa. Siku hiyo hiyo, katika kujaribu kuwakamata watu waliokuwa chomboni baharini, wengine waliuawa, na vijana watatu wakachukuliwa melini. Walilishwa, wakalala, wakasema na Tupaia, kisha wakarudishwa pwani.

Basi mkalimani alikuwako, na watu wa kuulizwa walikuwako, hata melini. Kilichokosekana ni amani, nayo iliharibiwa na bunduki. Baadaye, palipokuwa na utulivu, Cook aliuliza. Na majina ya visiwa vikubwa viwili katika ramani yake aliyaandika kama alivyoyasikia kwa Wamaori wenyewe. Hapa Tūranganui-a-Kiwa aliondoka bila maji ya kutosha wala chakula, akaiita ghuba Poverty Bay, Ghuba ya Umaskini, kwa kuwa haikumpa mahitaji yake. Nchi hiyo ina rutuba. Leo hulimwa mahindi, michungwa na mizabibu. Umaskini ulioandikwa ramani haukuwa wa nchi. Ulikuwa wa mapokezi, na mapokezi yaliharibiwa na mgeni. Lakini watoto wa pale walikua, kizazi baada ya kizazi, wakisoma shuleni kwamba kwao ni Umaskini.

Na hao watoto ndio walioanza kulisahihisha. Wanafunzi wa shule ya Kaiti, mjini Gisborne, walipeleka maombi kwa halmashauri ya wilaya yao kwamba jina la ghuba liangaliwe upya. Mashauri yakaendelea kwa miaka kadhaa, na mwaka 2019 ghuba ikapata jina rasmi la pamoja, Tūranganui-a-Kiwa na Poverty Bay, jina la wenyeji likitangulia. Rasi nayo siku hizi huandikwa kwa majina yake mawili, la Pāoa na la Nick. Mwaka huo huo wa 2019, miaka 250 baada ya Endeavour kufika, mwakilishi wa serikali ya Uingereza alikwenda Gisborne akawaeleza wazao wa waliouawa masikitiko ya nchi yake.

Tuzingatie kwamba jina la Nick halikufutwa. Hakuna aliyemchukia kijana yule, naye hakutenda kosa kwa kuwa na macho mazuri. Ramani ya sasa inasema kweli zaidi kuliko ile ya zamani, kwa kuwa inasema mambo mawili yaliyotokea badala ya moja.

TUFUNDISHEJE?

Mwanachuo ataona kwamba hayo yote ni mazuri, lakini Jumatatu asubuhi atasimama mbele ya watoto 60 au zaidi, akiwa na ubao na chaki. Tunapendekeza vipindi vitatu, visivyohitaji fedha.

Kipindi cha kwanza ni cha kupima. Chagueni kitu kinachoonekana uwanjani, kama mwembe au mlingoti wa bendera; hicho ndicho rasi yenu. Pimeni mstari wa hatua 50 chini, kutoka kigingi cha kwanza mpaka cha pili. Chukueni karatasi juu ya ubao mdogo au kigoda, mchore mstari wa sentimeta 10 badala ya hatua 50. Kwa hiyo sentimeta 1 ni hatua 5. Katika kigingi cha kwanza, elekezeni mstari huo kwenye kigingi cha pili, kisha wekeni rula ielekee mwembe, mpige mstari. Hamieni kigingi cha pili, elekezeni mstari nyuma kwenye kigingi cha kwanza, mfanye vivyo hivyo. Mistari inapokatana, hapo ndipo mwembe. Sasa pimeni kwenye karatasi, mkahesabu umbali. Halafu mtoto mmoja atembee ahesabu hatua. Hesabu hazitalingana sawasawa. Msikasirike, tofauti hiyo ndiyo somo. Watoto wameonja kazi ya Cook, nao wataiheshimu.

Kipindi cha pili ni cha kuuliza. Kila mtoto apewe kazi ya kumwuliza mzee mmoja jina la mahali panapojulikana na wote: rasi, kilima, kijito, njia panda. Aulize mambo matatu: Panaitwaje? Kwa nini? Je, paliwahi kuitwa vingine? Mwalimu awafundishe adabu ya kuuliza, kuamkia kwanza, kusikiliza mpaka mwisho, na kushukuru. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa.

Kipindi cha tatu ni cha kuandika. Ramani ya kijiji ichorwe ubaoni, na majina yatiwe. Mahali palipopatikana majina mawili, yaandikwe yote mawili, na chini yake iandikwe nani hulitumia lipi. Baada ya hapo, na si kabla, mwalimu alete ramani iliyochapwa. Watoto wazilinganishe. Sasa ndipo wataielewa habari ya Te Kurī a Pāoa, na ndipo pia wataelewa ni kwa nini ziwa ambalo Speke alilifikia mwaka 1858, akaliita kwa jina la malkia wake Victoria, Waganda huliita Nalubaale na Wajaluo huliita Nam Lolwe.

HOJA ZINAZOTOLEWA

Tumekwisha kusikia hoja tatu dhidi ya njia hii. Ya kwanza ni mtihani. Husemwa kwamba mtihani hauulizi majina ya bibi. Ni kweli, wala hatumwambii mwalimu aache kufundisha majina yaliyochapwa. Mtoto lazima ayajue, maana ndiyo atakayoyakuta vitabuni na katika safari zake. Lakini mtoto aliyechora ramani kwa mkono wake huelewa kipimio, mwelekeo na alama kuliko aliyekariri, na hayo mtihani huyauliza sana.

Hoja ya pili ni kwamba wazee watatofautiana, na watoto watachanganyikiwa. Wazee watatofautiana, naam. Wapimaji pia hutofautiana. Kazi ya mwalimu si kuwaficha watoto tofauti hizo, bali kuwafundisha kuzipima: nani amesema, amejuaje, na wengine wanasemaje. Mtoto hachanganywi na majina mawili. Yeye mwenyewe analo jina la shuleni na jina la nyumbani, na hajapotea.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo hutolewa na walimu wenye nia njema. Husema kwamba jina la asili ndilo peke yake la kweli, na yale ya wageni yafutwe yote katika masomo. Hatukubaliani nao. Tukifuta jina la Nick, mtoto hatajua kwamba meli ile ilikuja, wala hatauliza ilitenda nini. Jina la mgeni ni ushahidi. Lifundishwe kama ushahidi, pamoja na tarehe yake na mwenye kulitoa, wala lisikalie kiti cha mwenye nyumba.

Tumalizie tulipoanzia. Yule mtoto wa Darasa la Tano alikuwa ameulizwa ataje rasi aijuayo, naye akataja aijuayo. Jina alilolitoa lilikuwa na mbuyu ndani yake, na wavuvi, na njia ya kurudi nyumbani giza linapoingia. Mwalimu angeweza kumwuliza, "Umelipata kwa nani jina hilo?", na somo zima la pwani lingefunguka palepale dirishani. Badala yake alipewa alama ya kosa, akaketi, na hatukumwona akinyosha mkono tena siku ile.

Baada ya somo tulizungumza na mwanachuo wetu chini ya mti. Hatukumkemea. Tulimwomba arudi kesho yake, amwite mtoto, aifute alama ile mbele ya wenzake, na amwombe aje ubaoni aliandike jina la bibi yake mahali pake katika ramani. Alifanya hivyo. Nasi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa tuliliandika katika daftari zetu, maana sisi pia tulikuwa hatulijui.